Ukimya wa Kuletewa kwa Sinia

Nyinyi wenzangu wa barazani mmeniuliza jambo moja kwa namna tatu. Mmoja wenu ameuliza nilikwenda wapi zile siku nane. Mwingine ameuliza kwa nini nimerudi na kikapu cha muhogo mkavu badala ya hekima niliyoaga kwamba naifuata. Na wa tatu, ambaye ukuta wake na wangu ni mmoja, ameuliza kwa nini siku hizi kila alasiri kwangu kunatwangwa kama kuna harusi. Maswali yote hayo jibu lake ni moja, lakini ni refu, na kila nikilianza mtu huingilia kati kuuliza sukari imekuja duka gani. Ndiyo maana nimeliandika.

Hali yangu mlikuwa mnaijua, ila kwa adabu mlijifanya hamuioni. Zile siku za Mapinduzi mimi sikuguswa, namshukuru Mungu, wala sikupoteza zaidi ya walivyopoteza wengine. Lakini usiku mmoja mlango wa jirani uligongwa kwa kitako cha bunduki, mapigo matatu, kisha kimya. Miaka saba imepita. Mwili wangu ulibaki palepale nyuma ya mlango, unangoja pigo la nne.

Na mama mkwe wangu, Bi Shufaa, anayekaa nasi tangu afiwe, hutwanga kwa tatu. Ndivyo alivyofunzwa kwao. Mchi mara tatu, anasita ageuze kilichomo kinuni, kisha mara tatu tena. Miaka yote nilivumilia. Mwaka huu, mwaka wa foleni na minong'ono, siku moja alikuwa anatwanga bizari nikatoka chumbani kama niliyeungua, nikapiga kelele: "Basi! Basi tena! Humu ndani mna watu wanataka kuishi!"

Bi Shufaa aliuegemeza mchi ukutani, akakifunika kinu gunia, akenda zake kutawadha. Tangu siku hiyo hakutwanga tena, na mimi na yeye tukabaki na shikamoo na marahaba tu. Baada ya wiki tatu mke wangu, Zena, alinijia na habari.

"Mama kafunga sanduku. Jumatano ijayo kuna meli ya Pemba. Anakwenda kukaa kwa dada."

"Kwa sababu ya mchi?"

"Kwa sababu yako. Mume wangu, mimi sijakuchoka. Lakini mama akitoka humu kwa kufukuzwa na sauti yake mwenyewe, sijui mimi na wewe tutazungumza nini. Nenda popote ukatulie. Na urudi kabla ya meli."

Nilipokuwa chuo kikuu ng'ambo nilisoma vitabu viwili vizima kuhusu watu wa mashariki ya mbali wanaokaa kimya wakizitazama pumzi zao. Nilivipigia mistari, na mtihani nikafaulu. Pumzi zangu mwenyewe sikuwahi kuziona. Safari hii niliamua kuchanganya elimu: nitakwenda msikiti mdogo wa shamba, nitie nia ya itikafu, yaani kukaa msikitini kwa ibada na dunia umeiacha nje pamoja na viatu, na humo nitatazama pumzi kama vitabu vilivyoelekeza. Nikachukua daftari jipya ili kila hatua ya utulivu niiandike ikitokea.

Mjini mpaka Tunguu

Basi la mbao la shamba liliondoka Darajani asubuhi, na kufika Tunguu likalala ubavu. Mpira wa gurudumu la nyuma ulikuwa umepasuka, na wa akiba, alivyosema dereva, ulikuwa ndio huo.

Dereva huyo, Makame, hakuonyesha kushtuka. Alilitoa gurudumu, akawaambia abiria: "Haya jamaa, kateni nyasi. Tunalishindilia nyasi kama godoro, tunakwenda. Anayetaka kufika leo akate nyingi."

Abiria wakaingia porini. Mimi nilisema moyoni: hii ndiyo fursa. Vitabu vilisema mwanafunzi mwema hukutumia kila kuchelewa. Nikakaa chini kando ya njia, nikakunja miguu, nikaweka mikono magotini viganja juu, nikafumba macho, nikaanza kuvuta pumzi ndefu na kuzitoa kwa sauti.

Pumzi ya tano au ya sita, nikasikia nyayo. Kisha sauti ya mwanamke: "Makame! Huyu bwana kapandisha."

"Kapandisha nini?"

"Pepo. Mwangalie anavyohema."

Nilifungua macho. Mama mmoja wa makamo alikuwa amechuchumaa mbele yangu, uso wake umejaa huruma, na nyuma yake abiria wote na nyasi mikononi.

"Wewe nani?" akaniuliza kwa upole, kama anavyoulizwa pepo. "Umetoka wapi? Unataka nini kwa kiti chako, huyu uliyempanda?"

"Mimi Maalim Sudi," nikasema. "Mwalimu wa skuli."

Akawageukia wenziwe. "Mnaona? Hata pepo wa jirani yangu ni mwalimu. Hao ndio wabishi."

"Mama, mimi sina pepo. Nnatuliza akili."

"Ndivyo wasemavyo wote. Unataka nini? Halua? Kahawa? Au uchane, utandikiwe vyakula vyako?"

Nikasema kweli tupu, kwamba kahawa ningependa. Hilo likamaliza kesi. Nikatafutiwa kahawa nyumba ya jirani, na watu wazima wawili wakasimama kuniangalia nikiinywa, mmoja akiniomba nisimwadhibu yule mtu niliyempanda, maana anaonekana dhaifu. Kahawa ilikuwa na tangawizi, nzuri sana.

Gurudumu la nyasi lilikwenda hatua arubaini, likatapika. Makame akaliangalia, akanitazama mimi, akasema: "Maalim, muulize huyo bwana wako kama anajua kuziba mpira."

Tunguu mpaka Kitogani, kwa gari la ng'ombe

Baada ya sala ya adhuhuri nilipata nafasi kwenye gari la ng'ombe lililokuwa limebeba chokaa. Mwenye gari hakusema neno njia nzima, jambo nililolipenda, na ng'ombe alikwenda mwendo ambao ulinipa muda wa kufahamiana na kila mnazi.

Juu ya magunia ya chokaa ndipo nilipoweka nadhiri. Nilijiambia: Sudi, ulipofungua mdomo tu ukawa pepo. Ukifika huko sema sentensi moja, kisha nyamaza siku tatu. Salamu utaitikia kwa kichwa. Usijieleze kwa mtu.

Ninyi mnaojua shamba mmeshaona kosa. Huku kwetu mtu anaweza kukosa mlango, lakini salamu hakosi. Ataulizwa hali, ataulizwa za utokako, ataulizwa watoto, kisha ataulizwa hali tena kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa ya kufungulia. Mimi, mtu wa vitabu viwili, niliona naweza kuyapita hayo kwa kutikisa kichwa.

Kitogani niliingia magharibi, mweupe wa chokaa kuanzia nywele. Watu waliokuwa nyumba ya kwanza wakanipa maji, muhogo wa kuchoma na mkeka, na hawakuniuliza kitu mpaka nimekula.

Kitogani mpaka pwani, kwa miguu

Kijiji nilichokwenda sitokitaja, na mkisoma mbele mtajua kwa nini. Kipo upande wa mashariki, nyumba za mawe ya matumbawe na makuti. Nilianza kutembea alfajiri. Njia ni ya mawe makali, na viatu vyangu vilikuwa vya mtu wa ofisini.

Nilipokuwa bado mbali, nilisikia kitu kama mvua nzito: pu, pu, pu, mapigo mengi kwa pamoja, na juu yake sauti za wanawake wakicheka na kuitana. Nilikuja kukimbia mchi mmoja, mbele yangu kulikuwa na hamsini. Lakini nilipoingia kijijini ile sauti ikapungua, ikapungua zaidi, ikaisha kabisa. Nikashukuru.

Mwenye kuusalisha msikiti alikuwa mzee mwembamba, Mzee Ame. Alikuja kunilaki na kanzu yake ya kazi, akiwa na tabasamu. Akanikuta nimesimama na shati langu la kaki la skuli, miwani, daftari kwapani na kalamu mfukoni.

"Karibu bwana, karibu sana. Za utokako?"

Nikatikisa kichwa.

"Watu wa huko hawajambo?"

Nikatikisa tena. Kisha nikasema sentensi yangu niliyoitunza tangu Tunguu: "Nataka kukaa humu msikitini siku tatu, na sina zaidi la kusema."

Tabasamu la Mzee Ame lilibaki pale pale mdomoni, lakini yeye alikuwa ameondoka nyuma yake. Hilo naliona leo. Siku ile niliona adabu tu.

Siku tatu, mahali pamoja

Sijapata kuona kimya kama kile. Msikiti ulikuwa mdogo, umepakwa chokaa, dirisha moja likiangalia bahari. Ukumbini kulikuwa na mikeka ya chuo cha Kurani, lakini watoto hawakuja. Watu wa sala tano walikuja, wakasali, wakaondoka kwa vidole vya miguu. Hakuna aliyekohoa. Nje hakuna aliyemwita mwenziwe.

Niliandika daftarini: "Siku ya kwanza. Utulivu kiasi. Miguu imekufa ganzi." Na chini yake: "Kijiji hiki kimejaliwa. Hata kuku wao wapole."

Chakula kililetwa kwa sinia, kimefunikwa kawa la ukili mwekundu. Mzee Ame alilibeba mwenyewe. Sinia lilikuwa linatetemeka mikononi mwake mpaka bakuli zinagongana, na mimi, kwa wema wangu, nikaandika: "Mzee ana ugonjwa wa mikono. Uzee." Aliliweka chini, akarudi nyuma hatua mbili, akasimama mpaka nilipoonja.

"Kimependeza, bwana?"

Nikatikisa kichwa.

Siku ya kwanza ilikuwa muhogo na mchuzi wa pweza, nazi nzito. Siku ya pili kuku mzima. Siku ya tatu ukaja wali. Wali, jamani! Mwaka ambao mimi mjini nasimama foleni tangu alfajiri nirudi na kibaba cha unga. Niliutazama kwa muda. Punje nyingine zilikuwa ndefu nyeupe, nyingine fupi nyekundu, nyingine zimevunjika, kama mbegu tano katika sahani moja. Niliandika: "Wali umechanganyika. Mtamu hata hivyo." Nikaumaliza.

Na pumzi? Pumzi zilinikataa. Kila nikifumba macho, kile kimya kikubwa kiliniweka nyuma ya mlango uleule, nangoja. Kumbe kimya ndicho chenyewe kilichokuwa kinafuata baada ya pigo la tatu. Nilikuwa nimesafiri siku mbili, gari la nyasi na gari la ng'ombe, kukifuata kile kile kinachoniua. Lakini hilo sikuliandika. Niliandika: "Siku ya tatu. Bado kidogo."

Msikitini mpaka ufukweni, hatua mia mbili

Alasiri ya siku ya tatu nikasikia pigo. Moja, mbali, kisha jingine. Nilishtuka kama kawaida yangu, nikashuka ufukweni kuliangalia, na itikafu yangu ikavunjika hapo.

Bahari ilikuwa imekupwa. Kwenye tope palikuwa na mashimo yamezungushiwa mawe, ndimo wanawake wa huko wanamofukia makumbi ya nazi miezi mingi yalainike, kisha huyafukua wakayapiga kwa magongo mpaka yatoe usumba wa kusokotea kamba. Marundo ya makumbi yaliyofukuliwa yalikuwa yametapakaa kila mahali, na magongo yamelazwa juu yake, hayana mtu. Bibi mmoja tu ndiye aliyekaa chini anapiga. Aliniona, akaendelea.

"Shikamoo, bibi."

Gongo likasita hewani. "Alaa! Unasema?"

"Nnasema."

"Marahaba. Basi kama unasema, sema. Umekuja kumchukua nani?"

"Kumchukua?"

"Usinizungushe, mwanangu, mimi nshakuwa mzee. Makumbi haya yakikaa siku nyingine yanaoza, na mimi sina pahala pa kwenda na uwoga wangu. Wenzangu wamejifungia siku tatu. Watoto tumewahamishia chuo kondeni. Ndugu yangu anakubebea sinia na hali hajalala tangu uje. Kama ni yeye unayemtaka, mchukue leo, umpunguzie kungoja."

"Ndugu yako ni Mzee Ame?"

"Mwaka juzi alikuja mtu kama wewe. Hasemi. Anatazama, anaandika, hasemi. Wiki ya pili Ame akaitwa mjini. Tuliambiwa anaulizwa maneno mawili. Maneno mawili hayo yalikuwa miezi minne. Amerudi, alhamdulillahi, lakini mlango ukigongwa anatafuta pa kujishika."

Nilikaa chini kwenye tope, na suruali yangu ya ofisini.

"Bibi," nikasema, "na ule wali?"

"Kibaba kwa kibaba. Nyumba tano. Mimi wangu ni ule mwekundu." Akanitazama. "Ulikuwa mtamu?"

Sikumbuki mara ya mwisho kulia mbele ya mtu nisiyemjua. Nilimwambia yote, kutoka mlango wa jirani mpaka mchi wa Bi Shufaa. Nilimwambia na vitabu viwili. Bi Mize, ndilo jina lake, alinisikiliza mpaka mwisho, gongo limelala mapajani.

"Yaani umetoka mjini," akasema pole pole, "ukapita Tunguu, ukapita Kitogani, kuja kutafuta kimya, na kimya ukakileta wewe mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Na kwako pia umekiacha?"

Hapo ndipo niliponyamaza kweli.

Ufukweni mpaka msikitini, hatua zile zile

Mzee Ame nilimkuta ukumbini anakunja mikeka. Nilimpa shikamoo kwa sauti ambayo ilimfanya aangushe mkeka. Nikalitoa daftari, nikampa kwa mikono miwili.

"Mzee wangu, soma. Yote. Soma kwa sauti, na wengine wasikie."

Alilishika kama mtu aliyeshikishwa nyoka. Wanaume waliokuja kwa sala ya magharibi wakasimama mlangoni. Akalifungua, akavaa miwani yake iliyofungwa uzi, akaanza:

"Siku ya kwanza. Utulivu kiasi. Miguu imekufa ganzi." Akasita. Akafunua. "Kijiji hiki kimejaliwa. Hata kuku wao wapole." Sauti nyuma ikasema: "Kuku tumewafungia!" Mtu akacheka, akajizuia. Mzee Ame akaendelea, na sasa midomo yake ilikuwa inacheza. "Siku ya pili. Nimejaribu kutazama pumzi. Nimeona mbu. Mzee ana ugonjwa wa mikono. Uzee."

Alipofika hapo akalishusha daftari. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko, kicheko kilichofungwa siku tatu, na kilipotoka kikatoa na vya wengine wote. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mmoja akasema: "Bwana we, nilimchinja jogoo wangu wa pekee!" Mwingine: "Mimi nimetambaa kwenda chooni kwangu mwenyewe!" Niliwaomba radhi mmoja mmoja, nikawasalimia upya wote, kila mtu salamu yake kamili na za watoto na za mazao, mpaka ikabidi tukumbushwe kwamba sala inatupita.

Baada ya sala Mzee Ame alibaki nami. Tulikaa ukumbini, tumeegemea ukuta mmoja.

"Kule nilikokuwa," akasema, "tasbihi walinichukua. Vidole waliniachia." Akanionyesha: dole gumba linapita kwenye pingili za vidole, moja moja, na kila pingili pumzi moja. Ukivuta, la ilaha. Ukitoa, illa Llah. "Mwanzo nilizifukuza sauti. Mlango, viatu, funguo. Nilipozifukuza zilizidi. Basi nikaanza kuziamkia. Ukisikia kitu, kiitikie moyoni, marahaba, kipite kiende zake. Wewe urudi kwenye kidole chako."

"Na sasa huogopi?"

"Nnaogopa. Hukuona sinia? Lakini nilikuletea."

Asubuhi yake wanawake walirudi ufukweni. Nilikaa dirishani na vidole vyangu. Mapigo yalianza moja moja, kisha kwa pamoja, hamsini, na makelele, na Bi Mize akimsimulia kila apitaye habari za mbu wangu. Watoto wakarudi ukumbini wakasoma kwa kupiga mayowe. Niliruka nafikiri mara mia. Marahaba. Marahaba. Na wakati fulani, sijui saa ngapi kwa sababu daftari nilikuwa nimelitoa sadaka kwa watoto wa chuo, niligundua kwamba nimefika kidole cha mwisho na sijangoja kitu. Ilikuwa kama chumba ndani ya nyumba yangu mwenyewe ambacho sikuwahi kukifungua. Kidogo, dirisha moja. Kilidumu labda muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Nilikaa siku mbili zaidi, nikakipata tena mara mbili, na mara nyingi sikukipata.

Kurudi

Kurudi hakuna kisa, ila Makame. Basi lake lilikuwa limepata mpira, sikuuliza wapi. Aliniona nimekaa na kikapu cha makopa, ule muhogo mkavu, niliopewa na Bi Mize, na midomo inacheza.

"Hujambo, Maalim? Na mwenzio hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimia. Anasema nyasi zako hazikuwa za kutosha."

Basi zima likacheka, mimi nikiwemo. Tulifika Darajani Jumanne, saa za adhuhuri.

Mlangoni kwangu mpaka jikoni

Hii ndiyo hatua ndefu kuliko zote, wenzangu, na ninyi mmeitembea mara nyingi mkija kwangu bila kujua urefu wake.

Nilisimama mbele ya mlango wangu. Ndani nilimsikia Zena anasema kitu, na sauti ya maji. Nikagonga. Sauti zote zikakatika. Maji yakafungwa. Hakuna aliyekohoa.

Nilikuwa nimeusikia ukimya ule siku tatu mfululizo, naujua kwa jina. Huo ndio ukimya ambao nyumba yangu ilikuwa ikinipa kila siku nikirudi kutoka kazini, na mimi nikidhani ni heshima.

"Hodi," nikasema. "Hodi wenyewe. Ni Sudi. Msinyamaze, tafadhali."

Zena alifungua. Alinitazama usoni kwa muda, akinitafuta. Nyuma yake, chini ya ngazi, palikuwa na sanduku la bati limefungwa kamba.

Bi Shufaa alikuwa jikoni kwenye kibao chake, mgongo umenielekea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimekuja na makopa. Makavu mazuri. Nani atanitwangia?"

"Mimi nasafiri kesho."

"Najua. Ndiyo nikasema leo."

Nikakiendea kinu, nikaliondoa gunia. Buibui walikuwa wameshaweka nyumba. Nikakifuta, nikatia makopa, nikachukua mchi na kuanza kutwanga mwenyewe. Nilipiga ukingo. Nikapiga tena, vipande vikaruka mpaka uani. Zena aliziba mdomo kwa ukaya wake wa kichwani.

"Wewe!" Bi Shufaa akasimama. "Utanivunjia kinu changu. Ndiyo kusoma gani huko, mtu mzima hajui kushika mchi? Nipe."

Nikampa. Na mimi nikauchukua ule mdogo, uliokuwa nyuma ya mlango tangu zamani, walipokuwa wakitwanga wawili, yeye na Zena, kwa kupokezana.

"Mama," nikasema, "nilikufokea. Sauti yako haikuwa na kosa. Ilinikumbusha nyingine."

Alinitazama. Alikuwamo nyumbani humu usiku ule. Alisimama nyuma ya mlango huu huu, pamoja nami.

"Najua," akasema. "Ulifikiri mimi sikuhesabu?"

Akauinua mchi. Moja. Niliruka. Mbili. Dole gumba langu lilikuwa linatafuta pingili juu ya mchi. Tatu. Akasita, kama anavyosita siku zote, na jikoni kukawa kimya. Nami nikangoja, kwa desturi ya miaka saba.

"Haya," akasema Bi Shufaa. "Si zamu yako hiyo?"

Nikapiga la nne.